Quest 3S dola 299, Quest 3 dola 499, chipu ile ile: hizo dola 200 tunalipia nini?

#1 Kobe Mtambaji (Oktoba 2024)
Wakuu salaam.

Tangu Meta (wenye Facebook) watangaze miwani mpya ya VR, ile ya kuvaa uingie ndani ya gemu, inayoitwa Quest 3S, tarehe 25 Septemba, nina swali linanisumbua. Inaanza kuuzwa tarehe 15 mwezi huu, bei ya kuanzia dola 299.99. Nimekaa nikasoma vilivyomo ndani kimoja kimoja: chipu Snapdragon XR2 Gen 2, RAM GB 8, kamera mbili za rangi za kuonea chumba ukiwa umeivaa, rimoti mbili. Nikafungua ya Quest 3 iliyotoka Oktoba mwaka jana. Chipu ile ile! RAM ile ile! Rimoti zile zile! Hata uzito ni gramu 514 kwa 515. Bei yake 499.99.

Sasa hizo dola 200 zinaenda wapi? Mimi naona tunauziwa jina tu. Wenye nondo washushe.

#2 mpiga_ramli
Nimewahi siti ya mbele. Huu uzi utafika mbali.

#3 Fundi Redio
Lenzi. Uzi ufungwe.

#4 Shangazi Pikseli
Fundi usifunge uzi ambao hata haujachangamka.

Kobe, wewe umesoma vya kwenye ubongo ukasahau macho. Quest 3S ina skrini ya pikseli 1832 kwa 1920 kila jicho, na lenzi za Fresnel. Hayo ni macho ya Quest 2 ya mwaka 2020, yamerudi na ubongo mpya. Quest 3 ina 2064 kwa 2208 kila jicho na lenzi za pankeki. Upana wa kuona kutoka kushoto hadi kulia ni digrii 110 kwa Quest 3 na 96 kwa 3S. Pikseli kwa kila digrii, Meta wenyewe wanasema ni 25 kwa Quest 3 na 20 kwa 3S. Kwenye gemu la kukimbizana hutaona sana tofauti. Fungua ukurasa wenye maandishi madogo ndipo utajua nani kalipa 299.

Halafu swali la msingi, umeshapima umbali kati ya mboni zako? 3S lenzi zake zinakaa kwenye vituo vitatu tu: milimita 58, 63 na 68. Quest 3 ina gurudumu, unazungusha hadi picha itulie. Pima kwanza ndipo uongee bei.

#5 Kobe Mtambaji
Asante Shangazi, hapo kwenye skrini umenifungua. Ila mboni tena? Nauliza bei, naambiwa nikapime macho, hii imekuwa kliniki?

#6 Hesabu_Kali
Nimepiga hesabu. 2064 × 2208 ni pikseli 4,557,312. 1832 × 1920 ni 3,517,440. Tofauti ni kama asilimia 30. Chukua 299.99 uongeze asilimia 30, unapata 390 hivi. Mpaka kufika 499.99 bado dola 110 hazina maelezo.

Kwa hiyo pikseli peke yake haijibu swali la mleta uzi.

#7 Fundi Redio
@Hesabu_Kali pikseli haziuzwi kwa kilo mkuu.

#8 Mzee wa Waya
Vijana mnahangaika na lenzi, mimi nawaambia ni ruzuku. Zuckerberg, bosi wa Meta, alishasema hadharani mwaka 2021 kwamba mpango wao ni kuuza vifaa kwa bei ya gharama au chini yake ili viwafikie watu wengi. Kitengo chao cha miwani hizi, Reality Labs, mwaka 2023 peke yake kilipata hasara ya dola bilioni 16.1. Bilioni! Pesa wanairudisha dukani, kila gemu likiuzwa wanakata asilimia 30.

Bei ya 3S ni chambo. Wala haihusiani na vilivyomo ndani.

#9 Hesabu_Kali
Mzee heshima yako, ila hapo umechanganya mafaili. Hiyo 16.1 ni hasara ya kitengo kizima. Humo kuna mishahara ya watafiti, kuna utafiti wa miwani ya AR (inayochora picha juu ya dunia halisi), kuna programu. Huwezi kuigawa kwa idadi ya miwani ukasema kila moja inauzwa kwa hasara ya kiasi fulani.

Na hata tukikubali ruzuku ipo, ipo kwa zote mbili. Swali la Kobe ni tofauti ya bei KATI yao.

#10 Jicho Moja
Naunga mkono #9 nusu. Ila mkumbuke Agosti 2022, Quest 2 ilipandishwa bei kwa dola 100, kutoka 299.99 hadi 399.99 ile ya GB 128. Kifaa kimeshakaa sokoni karibu miaka miwili ndiyo bei inapanda. Wapi umeona hivyo kwenye simu? Sababu waliyoitoa ni gharama za kutengeneza na kusafirisha kupanda. Maana yake ile bei ya mwanzo ilikuwa inawaumiza. Mzee wa Waya hajakosea kihivyo.

#11 mpiga_ramli
Au maana yake waliona watu wananunua tu, wakasema ongeza mia tuone nani atalalamika.

#12 Bibie Tekno
Jamani mbona wote mnalinganisha vitu viwili visivyolingana. Ile 3S ya 299.99 ina GB 128. Quest 3 ya 499.99 kwa sasa ina GB 512. Ilikuwa 649.99, wameishusha siku ile ile walipotangaza 3S. Quest 3 ya GB 128 ndiyo ilianza na 499.99, sasa wanaimaliza kwa 429.99 na haitengenezwi tena.

Kwa hiyo kama ni GB 128 kwa GB 128, tofauti ni dola 130 siyo 200. Na kuna 3S ya GB 256 kwa 399.99. Yaani GB 128 za nyongeza ni dola 100! Na Quest haina tundu la kadi ya memori. Kama mnataka wizi, upo hapo.

#13 Kobe Mtambaji
Daah. Bibie umenivua nguo mbele za watu. Nilisoma bei ya sasa na vilivyomo vya mwaka jana. Kichwa cha uzi sikibadilishi lakini, kitabaki kama kumbukumbu ya ujinga wangu.

#14 Hesabu_Kali
Dola 130! Rudini #6. Asilimia 30 ya pikseli inalipia 90, zimebaki 40. Tunaanza kuelewana.

#15 Fundi Redio
Haya, naona "lenzi" neno moja halikutosha, ngoja nikae vizuri.

Lenzi ya kawaida kwenye miwani hizi ingekuwa nene kama kitako cha chupa, maana skrini iko sentimita chache tu kutoka kwenye jicho. Fresnel dawa yake ni kuikata lenzi nene iwe ngazi za mviringo, unabaki na uso uliopinda tu, nyama ya katikati unaitupa. Inakuwa nyepesi, inamiminwa kwa plastiki kipande kimoja, bei rahisi. Ubaya wake ni kwamba kila ukingo wa ngazi unatawanya mwanga. Ndiyo ile mistari ya mwanga unayoiona maandishi meupe yakitokea kwenye giza. Na picha safi iko katikati tu, jicho likienda pembeni ukungu unaanza.

Lenzi za pankeki ni mchezo mwingine. Pale mwanga unakunjwa. Unatoka kwenye skrini, unapita kwenye kioo-nusu, unafika mbele unagonga kichujio kinachourudisha nyuma, unarudi hadi kwenye kile kioo-nusu, unageuzwa tena, safari hii ndiyo unaruhusiwa kufika jichoni. Njia ndefu imekunjwa ndani ya nafasi fupi. Ndiyo maana Quest 3 ni nyembamba mbele na picha ni safi karibu hadi pembeni.

Lakini kukunja kuna ushuru. Kioo-nusu kinapitisha nusu ya mwanga na kupoteza nusu. Kwenye kurudi kinaakisi nusu na kupoteza nusu. Nusu ya nusu ni robo. Yaani hata lenzi ikitengenezwa bila dosari hata moja, robo tatu ya mwanga wa skrini haifiki kwenye jicho lako. Inabidi taa ya nyuma ya skrini iwake kwa nguvu zaidi, na taa inakula betri. Quest 3 ina betri ya mAh 5060 na wanasema inakaa saa 2.2. 3S ina mAh 4324, ndogo kuliko hiyo, inakaa saa 2.5. Jiulizeni kwa nini.

Kwa hiyo dola zenu zinanunua lenzi zenye tabaka kadhaa za filamu zilizobandikwa bila kupinda hata kidogo, taa kali zaidi na betri kubwa zaidi ya kulisha taa hiyo.

#16 Bibie Tekno
👏 Hii ndiyo inaitwa nondo.

#17 Hesabu_Kali
5060 gawa kwa 2.2 ni 2300 kwa saa. 4324 gawa kwa 2.5 ni 1730 hivi. Quest 3 inakunywa theluthi moja zaidi, na chipu ni ile ile! Fundi nakupigia saluti.

#18 Nondo Tupu
Saluti ipigwe nusu. Fundi kaelezea vizuri ila theluthi yote asiibebeshe lenzi. Quest 3 inachora pikseli nyingi zaidi, chipu inatoka jasho zaidi. Na hizo saa ni makadirio ya mwenye mali, ukicheza gemu zito zote zinakufa mapema.

Kingine, hiyo robo ni kwa skrini za LCD (zenye taa ya nyuma), kwa sababu mwanga wa LCD unatoka ukiwa umeshachujwa na polaraiza, kichujio kinachounyoosha upande mmoja. OLED (kila pikseli inawaka yenyewe) mwanga wake unatoka ovyo ovyo, inabidi nusu nyingine ikatwe mlangoni kabla ya safari kuanza. Unabaki na moja ya nane. Ndiyo sababu ukitaka pankeki na OLED pamoja bei inaruka mawingu, unahitaji skrini zenye mwanga wa kutisha.

Linganisheni na PlayStation VR2 ya Februari 2023. Ina OLED, weusi wake ni weusi wa kweli, lakini lenzi ni Fresnel. Wengi walicheka, kifaa cha dola 549.99 na lenzi za zamani. Kumbe hesabu ya mwanga ndiyo hiyo.

#19 Fundi Redio
Hapo kwenye OLED nakubali, niliruka. Kwenye betri bado nasimama na lenzi.

#20 Nondo Tupu
Simama tu, viti vimejaa.

#21 Mzee wa Waya
Mnaidharau Fresnel. Huyo Augustin Fresnel lenzi yake iliwashwa kwenye mnara wa Cordouan kule Ufaransa mwaka 1823, meli zikauona kutoka mbali. Miaka mia mbili baadaye iko kwenye paji la uso wa mpwa wangu anayekata maboksi kwa upanga wa taa.

Na kuhusu bei, ninyi hamkuonja. Mwaka 2012 Oculus, kampuni iliyozaa hizi Quest, walichangisha watu mtandaoni kupitia Kickstarter kama dola milioni 2.4 kwa kifaa ambacho kila pikseli unaiona kama uko nyuma ya wavu wa nzi. 2014 Facebook wakainunua kwa kama bilioni 2. Miwani yao ya madukani, Rift, imekuja 2016 kwa dola 599, mpinzani wake HTC Vive mwaka huo huo 799, na bado unahitaji kompyuta yenye kadi ya maana, na waya unakufuata chumba kizima kama mkia. Leo dola 300 hakuna kompyuta hakuna waya, mtu anakuja kulalamika gemu linachelewa kufunguka.

#22 mpiga_ramli
Mzee jina lako nimelielewa leo.

#23 Jicho Moja
Naona kila mtu anaongelea lenzi na hakuna aliyetoa onyo. Miwani yangu ya kwanza (kampuni siitaji, kosa ni langu) niliilaza mezani lenzi zikiangalia dirisha. Asubuhi jua limeingia. Lenzi hizi zinakuza kutoka upande wa jicho kwenda kwenye skrini, basi jua likaingia kwa njia ile ile likakusanywa nukta moja. Nimerudi nimekuta alama ya kuungua kwenye skrini, kamstari ka njano kamepinda kufuata mwendo wa jua. Dakika chache tu zinatosha. Tangu siku hiyo ikitoka kichwani inaingia kwenye boksi.

Jina la Jicho Moja mnadhani limetoka wapi.

#24 Bibie Tekno
😂😂 pole sana.

#25 Chuma cha Kale
Mie nasema subirini Vision Pro ya Apple ishuke bei. Ile ndiyo mashine, pikseli milioni 23 kila jicho, mengine mnachezea.

#26 Hesabu_Kali
Milioni 23 ni jumla ya macho YOTE mawili mkuu. Kila jicho milioni kumi na moja na ushee. Bado ni nyingi mno, ila tusizidishe mara mbili. Na bei yake dola 3,499. Ukinunua 3S kumi na moja unarudishiwa chenji.

#27 Shangazi Pikseli
Na betri yake inakaa mfukoni kwa waya, gramu 353, juu ya 600 na kitu za kichwani. Kwa hiyo Mzee wa Waya anaweza kurudi ujanani.

#28 Kobe Mtambaji
Wakuu turudi kwenye mada. Kuna kitu 3S inacho ambacho Quest 3 haina? Maana naona mnaisema kama mtoto wa kambo.

#29 Nondo Tupu
Ina kitufe cha kubadili kati ya kuona gemu na kuona chumba, bonyeza tu mara moja. Quest 3 inabidi ugonge pembeni ya miwani mara mbili kama unabisha hodi. Ina taa mbili za infraredi mbele, kwa hiyo mikono yako inaonekana vizuri hata chumba kikiwa na giza.

Ilichonyimwa: tundu la hedifoni la milimita 3.5 hakuna, na kile kihisi cha kupima kina cha chumba hakuna, inakadiria kwa kamera. Kufuatilia macho hakuna kwa zote mbili, hiyo walishaiweka kwenye Quest Pro ya 2022 kwa 1,499.99, miezi michache baadaye wakaishusha hadi 999.99. Hiyo nayo iandikieni uzi wake.

#30 Bibie Tekno (wiki tatu baadaye)
Narudi na ripoti. Nimevaa zote mbili, ya kwangu 3S na ya jamaa yangu Quest 3. Mleta uzi alisema uzito ni sawa, gramu 514 kwa 515. Kwenye mzani ni kweli, kwenye shingo ni uongo. Fresnel inataka nafasi kati ya lenzi na skrini, kwa hiyo 3S imetokeza mbele zaidi. Gramu zile zile zikikaa mbali na uso zinavuta kichwa chini. Shika kitabu kifuani halafu kinyooshe mkono mzima, utanielewa. Baada ya dakika arobaini nilikuwa najua ipi ni ipi bila kufungua macho.

Kamera za kuonea chumba nimeona ni mamoja. Simu bado inasomeka kwa taabu kwa zote.

Kichefuchefu: sawasawa kwa zote. Masikio yanasema umekaa, macho yanasema unakimbia, tumbo linaamua kesi.

#31 Fundi Redio
Ripoti safi. Na hapo umeongeza kipengele cha nne kwenye ile dola 130: shingo.

#32 Nondo Tupu
Mimi bado nadhani mnatafuta gharama ambapo hakuna. Lenzi na skrini za kizazi cha Quest 2 zimetengenezwa tangu 2020. Mitambo imeshalipiwa, makosa yote yameshajulikana, mafundi wanafanya wamefumba macho. Kitu kile kile kilichokuwa ghali mwaka wa kwanza, mwaka wa nne ni cha bure. 299 haikuwezekana kwa sababu Fresnel ni rahisi, iliwezekana kwa sababu Fresnel YAO ni ya zamani.

#33 Fundi Redio
Hata ukitengeneza pankeki kwa miaka minne haitakuwa kipande kimoja cha plastiki. Bado zitakuwa filamu na gundi.

#34 Jicho Moja
Wote mnasahau mfanyabiashara. Angalieni ngazi: 299, 399, 499. Ya katikati ipo kwa kazi gani? Mtu akifika 399 anajisemea nikiongeza mia tu napata lenzi nzuri NA GB 512. Ya katikati wala haikuwekwa ili iuzwe, ipo kukusukuma juu. Hapo kilichopangwa kwanza ni bei, vilivyomo vikatafutwa vya kuijaza.

#35 Hesabu_Kali
Kwa hiyo mpaka sasa tuna lenzi, betri, memori, ruzuku, mitambo ya zamani na ujanja wa duka. Nikijumlisha zote Meta wanatakiwa watulipe sisi.

#36 Chuma cha Kale (Desemba 2025)
Naufufua uzi. Wakuu mmeona Valve (wenye duka la gemu za kompyuta la Steam) walichotangaza tarehe 12 Novemba? Steam Frame. Pankeki, pikseli 2160 kwa 2160 kila jicho, Snapdragon 8 Gen 3, RAM GB 16, inafuatilia macho, gramu 440 pamoja na mkanda, betri imekaa nyuma ya kisogo. Na ina tundu la kadi ndogo ya memori, @Bibie Tekno njoo ulie kwa furaha.

#37 Bibie Tekno
Nimekuja na nimelia. Ila kamera za kuonea chumba ni nyeusi na nyeupe tu. Dola 299 inakupa rangi, hii inakupa sinema ya kimya.

#38 Nondo Tupu
Hiyo ni makusudi. Kazi yake kuu ni kuvuta gemu kutoka kwenye kompyuta bila waya, na kuna kidude cha kuchomeka USB chenye njia yake ya GHz 6. Kwa kuwa inajua jicho linaangalia wapi, inatuma picha kali pale tu, pembeni inatuma ya kubana. Rangi za chumba chako wameona hazina kazi.

#39 Jicho Moja
Siku ya kutangaza walitaja kila kitu isipokuwa bei. Somo la #34 hilo, bei ndiyo mchezo wenyewe. Samsung nao Oktoba wametoa Galaxy XR, skrini za pikseli 3552 kwa 3840 kila jicho, dola 1,799. Na PSVR2 tangu Machi imeshuka hadi 399.99, hivyo Nondo ile OLED yako ya Fresnel sasa iko bei moja na 3S ya GB 256.

#40 Mzee wa Waya
Na Reality Labs mwaka 2024 hasara ilifika bilioni 17.7. Naendelea kusisitiza: ruzuku.

#41 Hesabu_Kali
Mzee, rudi #9.

#42 Shangazi Pikseli
Nimesoma uzi wote upya. Mwaka na ushee, mabandiko arobaini, na mleta uzi hajawahi kutuambia alinunua ipi. @Kobe Mtambaji uko hai?

#43 Kobe Mtambaji
Nipo Shangazi. Nilichukua 3S ya GB 128 wiki ile ile iliyotoka. Naipenda. Ila kuna kitu nilikuwa naona aibu kukiandika hapa.

Tangu nimenunua, nikiweka lenzi kituo cha pili maandishi yana ukungu jicho la kulia. Nikiweka kituo cha tatu yana ukungu jicho la kushoto. Nikadhani skrini ni mbovu. Juzi nimesimama mbele ya kioo na rula kama ulivyosema kwenye #4. Nimepima mara tano.

Milimita 65 na nusu.

#44 mpiga_ramli
63 na 68. Katikati kabisa. 😭😭😭

#45 Shangazi Pikseli
"Hii imekuwa kliniki?" Nanukuu #5.

#46 Kobe Mtambaji
Nimekoma. Sasa wakuu nisaidieni, nikae 63 au 68?

#47 Fundi Redio
68.

#48 Nondo Tupu
63.